Kwanza mlango wa hospitali, ndipo ving'ora

Hakuna hafla ya serikali inayotoka vizuri kwenye picha kama makabidhiano ya magari ya wagonjwa. Magari meupe yamepangwa mstari uwanjani, mgeni rasmi anakata utepe, funguo zinakabidhiwa kwa mganga mkuu, dereva anawasha king'ora kidogo ili wananchi wasikie, na vigelegele vinapigwa. Si jambo baya. Mama anayetokwa damu kijijini hafiki kwenye chumba cha upasuaji kwa maombi peke yake. Lakini gari likishafika hospitalini na mgonjwa akashushwa, yapo maswali ambayo hayajawahi kukatiwa utepe: nani anampokea, anajua nini, na anaanza na nini? Hoja ya makala haya ni kwamba tiba ya dharura ni ujuzi wa mikono na mpangilio wa kazi kabla haijawa magari na majengo. Fedha zitakazopatikana kuanzia sasa zinapaswa kwenda kwanza kwa wauguzi, matabibu na watu wa barabarani ambao humgusa mgonjwa kabla ya daktari bingwa, hata kama itabidi gari jipya lisubiri bajeti nyingine.

Kwa Tanzania, huu ndio wakati wa kulisema hilo. Hadi kufikia 2010 hata Muhimbili, hospitali ya taifa, haikuwa na idara kamili ya tiba ya dharura. Idara hiyo ilifunguliwa Januari mwaka huo, na mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kikaanza kuwasomesha madaktari bingwa wa fani hiyo. Mwaka 2021 ukaja mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa kukabiliana na athari za UVIKO-19, shilingi trilioni 1.3, na pamoja na madarasa ya shule yakajengwa majengo ya huduma za dharura na vyumba vya wagonjwa mahututi katika hospitali za mikoani na za halmashauri. Serikali inastahili sifa yake hapo. Kisingizio cha kukosa jengo kimepungua, na kilichobaki ni kile ambacho mkandarasi hakijengi. Nacho si kidogo: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya nusu ya vifo katika nchi za kipato cha chini na cha kati vinatokana na hali ambazo huduma nzuri ya dharura ingeweza kuzikabili, kuanzia ajali na uzazi hadi nimonia, malaria kali na kiharusi. Mwaka 2019 mkutano mkuu wa shirika hilo ulipitisha azimio la kuzitaka nchi wanachama ziimarishe mifumo yao ya dharura. Neno la maana katika azimio hilo ni mifumo.

Kenya ilijifunza tofauti ya gari na mfumo kwa uchungu mwaka 2015. Mtu aliyegongwa na gari jijini Nairobi alikaa takriban saa 18 ndani ya gari la wagonjwa, akizungushwa kutoka hospitali hii hadi ile. Hapa hakuna kitanda cha wagonjwa mahututi, pale inatakiwa amana ya fedha kwanza. Alipopatiwa kitanda hatimaye, alifariki. Sasa tazama mtu huyu alikuwa na nini. Alikuwa na gari, tena lenye wahudumu ndani yake. Alikuwa na sheria: Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na ile ya Afrika Kusini ilikwisha kusema hivyo tangu miaka ya tisini. Mtu atajibu kwamba alichokosa ni kitanda, na ni kweli. Lakini vitanda vya aina hiyo ni vichache kila mahali, na uchache wenyewe ndio unaolazimisha kuwe na utaratibu unaojulikana: nani anapiga simu kabla gari halijaondoka, nani analazimika kumpokea mgonjwa kwa muda, na anatulizwa wapi wakati kitanda kinatafutwa. Utaratibu huo hauagizwi kutoka nje kwa meli.

Wala ushahidi kwamba utaratibu wenyewe unaokoa maisha haukutoka mbali. Huko Blantyre, Malawi, kliniki ya watoto wa chini ya miaka mitano ya Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth ilikuwa ikifanya kazi tatu mahali pamoja: wagonjwa wa nje, chanjo na dharura. Watumishi walikuwa wachache, wagonjwa wengi, na aliyezidiwa alisubiri kama wengine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 daktari wa watoto Elizabeth Molyneux na wenzake waliipanga upya kliniki ile. Walibadilisha njia ambayo mtoto anapita tangu anapoingia, wakawafundisha watumishi kutambua dalili za hatari na kuanza tiba hapohapo, wakaunganisha kazi ya mapokezi na ya wodini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006: vifo vya watoto waliolazwa, ambavyo awali vilikuwa kati ya asilimia 10 na 18, vilishuka hadi kati ya asilimia 6 na 8. Umaskini wa Malawi haukuondoka katika miaka hiyo. Kilichobadilika ni nani anaonwa kwanza, na anaonwa na mtu anayejua nini.

Kazi hiyo ya kumwona mgonjwa kwanza inafaa itazamwe kwa karibu, kwa sababu watu wengi hudhani ni ya mashine. Muuguzi anakaa mlangoni. Mtoto anapoletwa, anamtazama yeye kabla hajamuuliza mama jina: anapumua vipi, kifua kinabonyea kwa ndani, midomo imekuwa ya bluu? Anahesabu pumzi kwa dakika nzima, jicho kwenye saa. Anabonyeza ukucha wa kidole gumba mpaka uwe mweupe, anauachia, anahesabu. Wekundu ukichukua zaidi ya sekunde tatu kurudi, mzunguko wa damu una hitilafu. Mtoto hana fahamu? Anapimwa sukari, na ikiwa imeshuka na mshipa wa dripu haujapatikana, kijiko cha sukari iliyoloweshwa kwa matone mawili ya maji kinawekwa chini ya ulimi wake. Cape Town waliunda tangu 2004 utaratibu wa rangi ambao sasa unatumika katika nchi nyingi za Afrika: mwenye nyekundu anahudumiwa papo hapo, wa rangi ya chungwa ndani ya dakika 10, wa njano ndani ya saa moja, wa kijani anaweza kusubiri hata saa nne bila madhara. Linganisha na mlango wa hospitali nyingi tunazozijua. Wa kwanza kumwona mgonjwa ni mlinzi, wa pili ni karani wa kadi, wa tatu ni wa dirisha la malipo, na kama ni majeruhi wa ajali, ndugu wanaambiwa wakafuate fomu ya PF3 polisi. Viongozi wamekwisha kusema hadharani kwamba majeruhi atibiwe kwanza, fomu ifuate. Agizo la namna hiyo lisipokuwa ndani ya mafunzo ya mtu wa mlangoni, linabaki kwenye taarifa ya habari. Na mtu wa mlangoni, kwa maoni yangu, ni pamoja na mlinzi.

Pingamizi zito kuliko yote ni la vifaa. Utamfundisha muuguzi halafu atatibu kwa nini, wakati oksijeni imekwisha, benki ya damu ni tupu na ndugu wanatumwa duka la dawa kununua glovu? Hilo si la kupuuzwa, na kumlaumu muuguzi kwa kukosa ujuzi mahali ambapo amekosa hata pamba ni kumwonea. Hata hivyo pingamizi hili linachukulia kwamba vilivyopo vinatumika ipasavyo, na utafiti mkubwa uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ukachapishwa mwaka 2023, unaonyesha vinginevyo. Ulihusu wanawake zaidi ya 200,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Katika hospitali zilizobadilisha utaratibu, wakunga walitandika chini ya mama plastiki yenye mfuko uliochorwa mistari ya kipimo, ili damu iliyopotea ionekane kwa mililita badala ya kukadiriwa kwa macho kutokana na shuka. Mstari wa hatari ukifikiwa, yote yalifanywa kwa pamoja: kukanda mfuko wa uzazi, oksitosini, dawa ya kusaidia damu kuganda, dripu, na kuchunguza damu inatoka wapi, badala ya mazoea ya kujaribu moja, kusubiri, kisha jingine. Ukijumlisha waliopoteza lita moja au zaidi, waliofanyiwa upasuaji wa tumbo kwa sababu ya damu na waliokufa kwa damu, matukio hayo yalipungua kwa asilimia 60. Tuseme ukweli wote: punguzo lilitokana hasa na damu nyingi kuzuiwa mapema, kwani vifo vyenyewe vilikuwa vichache na tofauti yake haikudhihirika. Lakini sehemu kubwa ya tiba ile si ngeni katika wodi zetu za wazazi. Kilichokuwa kigeni ni kupima, na kutosubiri. Zaidi ya hayo, mtumishi aliyefunzwa ndiye anayejua mtungi wa oksijeni umebakiza kiasi gani na ndiye anayepiga kelele kabla haujakwisha. Asiyefunzwa huzoea kuwa haupo.

Wapo pia wanaoona kwamba kumtegemea muuguzi na tabibu ni kuwapa maskini tiba ya daraja la pili, huku wenye uwezo wakitibiwa na madaktari bingwa. Wasiwasi huo una heshima yake, ila haulingani na rekodi. Tanzania kwa miongo mingi iliwatumia madaktari wasaidizi kufanya upasuaji wa uzazi katika hospitali za wilaya, na utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma ulikuta kwamba wao ndio waliofanya sehemu kubwa ya upasuaji wa dharura wa uzazi, na kwamba ubora wa kazi yao haukutofautiana kwa maana na ule wa madaktari wenye shahada. Uganda nayo, katika hospitali ya Nyakibale wilayani Rukungiri, iliwafunza wauguzi kuongoza chumba cha dharura. Daktari bingwa bado anahitajika, tena sana. Ila bingwa mmoja akitumika kuona wagonjwa tu, atawaona wa zamu yake. Akitumika kufundisha na kusimamia, ujuzi wake unafika zamu ambazo yeye amelala. Saa nane usiku katika hospitali ya halmashauri, atakayesimama mbele ya mgonjwa ni muuguzi na tabibu. Hapo hakuna daraja la kwanza lililonyimwa mtu. Kuna aliyefunzwa au asiyefunzwa.

Mafunzo yapi, basi? Hapa nakiri sina subira na semina. Tunaijua sura yake: ukumbi wa hoteli mkoani, bango lenye nembo tano, chai ya saa nne, posho, picha ya pamoja, cheti. Miezi sita baadaye waliohudhuria wamehamishwa na hakuna kilichobaki hospitalini isipokuwa kabrasha. Anayesema mafunzo ni fedha iliyomwagwa, semina ya aina hiyo ndiyo anayoikumbuka, na hajakosea. Dawa yake ni kufunza zamu nzima mahali inapofanyia kazi, kwa mazoezi yanayorudiwa, na kuyaingiza masomo hayo katika vyuo vya uuguzi na utabibu ili anayehamishwa apishane na mwenzake anayejua yaleyale. Mtaala wa kuanzia upo. Shirika la Afya Duniani na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu walitoa mwaka 2018 kozi ya msingi ya tiba ya dharura, ya siku chache tu, iliyojaribiwa kwanza Uganda, Tanzania na Zambia, inayomfundisha muuguzi, tabibu na daktari pamoja kufuata mpangilio mmoja: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, fahamu, kisha mwili mzima. Vitabu vyake ni vya bure.

Lakini mitaala ya kimataifa isimezwe bila kutafunwa, na sababu ya kusema hivyo ilipatikana hapahapa. Kwa miaka mingi vitabu vya nchi tajiri vilielekeza kwamba mtoto mwenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu apewe maji mengi ya mshipa kwa haraka. Utafiti uliofanywa katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, ikiwamo Teule ya Muheza mkoani Tanga, ulifuatilia watoto 3,141 na kuchapishwa mwaka 2011. Miongoni mwa waliopewa maji hayo kwa kasi, wapatao asilimia 10.6 walifariki ndani ya saa 48; miongoni mwa wasiopewa, ni asilimia 7.3. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake kwa sababu hiyo. Baadhi ya wataalamu waliuchukia mwanzoni, kama inavyotokea mtu anapoambiwa kwamba alichofanya kwa nia njema kinaua. Funzo lake kwetu ni la kazi: nchi isiyokuwa na walimu wake wa tiba ya dharura na watafiti wake itaendelea kufundishwa na mgeni wa wiki moja, anayefundisha yaliyofaa kwao kwenye mashine za kupumulia.

Sasa tutoke nje ya lango. Kwa majeruhi wengi wa ajali barani Afrika, mtoa huduma wa kwanza hana koti jeupe. Ni dereva wa bodaboda, kondakta, muuza ndizi wa kando ya barabara. Ndege ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, waliofika kwanza ni wavuvi kwa mitumbwi yao. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 24 walipona. Ghana, mahali ambapo wakati huo hapakuwa na huduma rasmi ya magari ya wagonjwa, madereva 335 wa magari ya biashara walipewa mafunzo ya saa sita tu. Baadhi yao walipohojiwa miezi kama kumi na mmoja baadaye, asilimia 61 walisema wamekwisha kutoa huduma ya kwanza tangu wafunzwe. Kampala nako walifunzwa polisi, madereva wa teksi na viongozi wa mitaa, 307 kwa jumla. Mtu ataogopa kwamba raia asiye na taaluma atamvunja majeruhi uti wa mgongo. Lakini raia huyo tayari anambeba, mmoja mikono, mwingine miguu, na kumtupa nyuma ya pikapu; hatumwombi aanze, tunamwomba afanye vizuri zaidi. Akandamize jeraha kwa kitambaa safi na viganja vyote viwili bila kufunuafunua kuchungulia. Amlaze kwa ubavu asiye na fahamu ili matapishi yasimpalie. Amgeuze kichwa na kiwiliwili kwa pamoja. Kinachotisha zaidi ni hofu ya kulala kituoni kama shahidi, au kudaiwa gharama za uliyemwokoa, na hofu hiyo inaondolewa na sheria inayomlinda msaidizi mwenye nia njema, ikitangazwa mpaka ijulikane vijiweni.

Hata usafiri wenyewe si lazima uanze na gari la kununua. Mpango wa m-mama, ulioanzia Sengerema na Shinyanga na kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022, unawapa wajawazito na wachanga namba 115 ya bure. Mpokea simu anauliza dalili kwa mwongozo, anachagua kituo kinachofaa, na gari la wagonjwa lisipokuwepo karibu anamwita dereva wa kijijini aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kwa simu akishamfikisha mama. Magari yalikuwepo siku zote. Palikosekana mtu wa kuyaita na njia ya kuyalipa. Sioni kwa nini namba hiyohiyo isipanuliwe hatua kwa hatua ihudumie pia majeruhi wa barabarani na mtoto mwenye degedege, ambaye leo anabebwa kwenye bodaboda kati ya dereva na mama.

Kuna watakaosema kinga ni bora kuliko tiba, tupambane na mwendokasi na ulevi barabarani. Tupambane. Dunia hupoteza watu wapatao milioni 1.19 kwa mwaka barabarani, na Afrika ndiyo yenye kiwango kikubwa zaidi kwa idadi ya watu. Lakini kidhibiti mwendo hakizuii kondo la nyuma kubaki tumboni, wala shinikizo la damu kupasua mshipa wa kichwa cha mzee wa Kariakoo. Kinga na dharura hazigombei fedha zilezile kiasi hicho. Kinachogombea na mafunzo, kwa kweli, ni magari na majengo.

Hatua za kuanzia ziko ndani ya uwezo wa waliopo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 itekelezwe kwa namna ambayo saa za kwanza za dharura hazisubiri kadi ya mtu. Wizara za afya na mambo ya ndani ziandike kwa pamoja waraka mmoja mfupi juu ya PF3 na ubandikwe kwenye kila mapokezi, kwa maandishi makubwa, ukimtaja atakayewajibika. Saa sita za huduma ya kwanza ziwe sharti la leseni ya dereva wa abiria, bodaboda wakiwemo. Na madiwani watakapoketi kupitisha bajeti ijayo ya halmashauri, waweke kifungu cha mafunzo ya tiba ya dharura chenye fedha zake, na wakatae kihamishiwe mafuta ya magari.